John Punch wa Virginia, na Uafrika wa upande wa mama yake Obama

Alhamisi ya tarehe 6 Novemba 2008 Kenya nzima haikwenda kazini. Rais Kibaki alitangaza mapumziko kwa sababu mwana wa Mjaluo amechaguliwa rais wa Marekani, na kuanzia Kogelo mpaka kwetu Mombasa watu walipiga vigelegele kama harusi ya ndugu. Hesabu yetu siku ile ilikuwa nyepesi. Uafrika wa Obama umetoka kwa baba, Barack Obama mkubwa, mtoto wa Hussein Onyango. Mama, Stanley Ann Dunham, ni mzungu aliyezaliwa Wichita, Kansas. Basi, mambo yakaishia hapo.

Julai 2012 watafiti wa nasaba wa kampuni ya Ancestry wakaivuruga hesabu hiyo. Walisema mama yule yule mzungu wa Kansas anatokana na Mwafrika aliyekuwa Virginia, wakati huo koloni la Waingereza, mwaka 1640, jina lake John Punch. Yaani Obama ana Afrika mbili: ya baba, ambayo tunaijua mpaka boma lake, na ya mama, ambayo hata mama mwenyewe hakuijua.

Taarifa ilitoka miezi michache kabla ya uchaguzi, na habari za msimu huo mimi huwa nazipima mara mbili. Bahati nzuri, nyaraka zinazotajwa nyingi zimechapishwa vitabuni au zimewekwa mtandaoni, kwa hiyo mtu mwenye subira na bando anaweza kuzifuata mwenyewe. Nimezifuata. Makala hii ni safari hiyo, na naiandika kwa sababu naona sisi tulioshangilia mwaka 2008 tulisoma nusu ya karatasi.

Anayetafuta nasaba haanzi na babu wa kale. Anaanza na aliyekufa juzi, anarudi nyuma mzazi mmoja mmoja, na kila mzazi sharti awe na karatasi inayomfunga na mtoto wake. Kwa Obama upande huu kazi ina ugumu wa aina yake, kwa sababu njia inapita kwa wanawake watupu kwa muda mrefu. Mama yake ni Dunham. Bibi yake mzaa mama, Madelyn, aliyezaliwa Peru, Kansas, mwaka 1922, alikuwa Payne kabla ya kuolewa. Mama yake Madelyn ni Leona McCurry. Mama yake Leona ni Margaret Belle Wright. Mama yake Margaret ni Frances Allred. Na mama yake Frances ni Anna Bunch. Wanawake sita wamefuatana, na kila ndoa inafuta jina la ukoo na kuandika jingine. Ukikosa jina la usichana la mmoja tu, umepotea.

Sensa ya Marekani, ambayo ndiyo tegemeo la kila mtu, ilianza mwaka 1790, lakini kwa miongo sita haikumsaidia mwanamke. Mpaka 1840 karani aliandika jina la mwenye nyumba tu. Mke, watoto na mama mkwe walikuwa tarakimu ndani ya safu za umri. Ni kuanzia 1850 ndipo kila mtu huru akaandikwa kwa jina lake. Watumwa waliwekwa kwenye jedwali la peke yao, wengi bila jina, chini ya jina la bwana wao. Halafu ile sensa ya 1890, ambayo ingefunga mapengo mengi, karibu yote iliharibika kutokana na moto wa Washington mwaka 1921. Kwa hiyo mtafutaji anageukia vyeti vya ndoa, wosia, makaburi, na zile kurasa za mwanzo za Biblia za nyumbani ambako wazee waliandika tarehe za uzazi kwa mkono.

Kutoka kwa Anna Bunch mambo yanakuwa mepesi kidogo, maana sasa unafuata wanaume wenye jina moja. Familia inarudi mashariki hatua kwa hatua mpaka Virginia, kaunti ya Louisa, ambako kina Bunch walikuwa watu wa mashamba na waliohesabiwa kuwa wazungu. Tawi jingine la ukoo huo huo lilihamia Carolina, na huko likaendelea kuitwa chotara. Ndugu wa damu moja, kaunti tofauti, rangi tofauti mbele ya serikali. Yote yalitegemea nani alikuwa karani na majirani walisema nini.

Ukizidi kurudi nyuma unaingia New Kent, na hapo unakutana na moto. Watafiti wa Virginia wana jina maalumu kwa maeneo kama hayo: kaunti zilizoungua. Mwaka 1787 bwana mmoja aitwaye John Price Posey aliitia moto jela ya New Kent pamoja na ofisi ya karani. Alinyongwa mwaka uliofuata, lakini madaftari hayakurudi. Kisha Aprili 1865, mwishoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jeshi la Kusini lilipokuwa linakimbia Richmond na kuchoma maghala nyuma yake, moto ukasambaa mjini na kuteketeza sehemu kubwa ya kumbukumbu za Mahakama Kuu ya koloni, pamoja na madaftari ya kaunti kadhaa yaliyopelekwa huko ili yawe salama. Salama! Huwezi kulia na kucheka kwa pamoja, lakini hapo utajaribu.

Kilichookoka ni vitabu vya hati za ardhi, kwa sababu vilitunzwa na ofisi nyingine. Mle ndani, mwanzoni mwa miaka ya 1660, yumo mtu aitwaye John Bunch anayepewa ekari 450 New Kent. Ardhi Virginia wakati ule ilipatikana kwa kuleta watu: ukilipa nauli ya mtu mmoja kuvuka bahari, unadai ekari 50. Hati haisemi John Bunch ni wa rangi gani. Inataja mipaka, mito na miti, basi. Kwa hati hiyo peke yake hakuna ambaye angemshuku.

Anayefichua siri ni bwana harusi.

Agosti 1705, John Bunch mwingine (jina hilo walilirithishana, na kuwatenganisha ni kazi ya kuumiza kichwa) alipeleka malalamiko mbele ya Baraza la Gavana wa Virginia. Alitaka kumuoa Sarah Slayden, mwanamke mzungu, na kasisi wa parokia ya Blisland alikataa kuwafungisha ndoa. Kasisi alikuwa na sababu yake. Tangu 1691 sheria ya koloni ilisema mzungu atakayeoana na Mweusi, chotara au Mhindi Mwekundu atafukuzwa Virginia ndani ya miezi mitatu. John Bunch alikuwa anaitwa chotara. Lakini je, alikuwa chotara kisheria?

Baraza halikujua la kujibu, likampelekea swali Mwanasheria Mkuu, Stevens Thomson. Jibu lake limehifadhiwa, na kwangu mimi ndiyo karatasi tamu kuliko zote katika mkoba huu. Thomson anasema chotara, kwa jinsi anavyolielewa neno la sheria, ni mtoto wa Mweusi na mzungu. Sasa mtoto wa mwanamume chotara aliyemzaa na mwanamke mzungu, huyo naye ni chotara? Anaona shaka, na sheria ya adhabu haifai kunyooshwa zaidi ya maneno yake.

Soma swali hilo kwa jicho la mtafuta nasaba. Mwanasheria alikuwa anabishana juu ya sarufi ya sheria, lakini bila kukusudia ametuachia ukoo mzima: huyu kijana ni mtoto wa baba chotara na mama mzungu, kwa hiyo babu yake mmoja alikuwa Mwafrika. Hati ya ardhi ilinyamaza na sensa hazikuwapo. Kama kasisi yule angekubali kuwafungisha ndoa kimya kimya, tusingejua.

Oktoba mwaka huo huo bunge la koloni likatunga sheria mpya. Safari hii walifafanua: chotara ni mtoto, mjukuu na kitukuu wa Mweusi. Mzungu atakayemuoa atafungwa miezi sita na kutozwa pauni 10. Sisemi walikaa kitako kwa ajili ya John Bunch peke yake, ila pengo alilolionyesha Thomson mwezi mmoja kabla lilizibwa vizuri sana.

Basi tunamtafuta Mwafrika wa Virginia, wa kizazi cha kabla ya 1660, mwenye jina linalofanana na Bunch. Yuko mmoja.

Tarehe 9 Julai 1640 Mahakama Kuu huko Jamestown ilisikiliza kesi ya watumishi watatu wa Hugh Gwyn waliotoroka mpaka Maryland wakakamatwa na kurudishwa. Mmoja anaitwa Victor, Mholanzi. Wa pili ni James Gregory, Mskoti. Wote watatu wapigwe mijeledi thelathini kila mmoja. Victor na James Gregory wamalize mikataba yao, wamuongezee bwana wao mwaka mmoja kwa hasara aliyoipata, kisha watumikie koloni miaka mitatu. Wa tatu, inasema hukumu, akiwa ni mtu mweusi jina lake John Punch, atamtumikia bwana wake huyo, au yeyote atakayepewa, kwa muda wote wa uhai wake, hapa au kwingineko.

Kosa lao ni moja na walitoroka pamoja. Mgongoni walipata idadi ile ile ya mijeledi. Tofauti yote imo ndani ya yale maneno machache, "akiwa ni mtu mweusi", na mahakama haikuona haja ya kueleza zaidi. Virginia haikuwa bado na sheria iliyoandikwa ya utumwa mwaka 1640. Itatajwa vitabuni zaidi ya miaka ishirini baadaye. Ndiyo maana wanahistoria wengi humhesabu Punch kuwa Mwafrika wa kwanza tunayemjua kuhukumiwa utumwa wa maisha katika makoloni ya Waingereza ya bara hilo. Hata hukumu yenyewe tunaisoma kwa nakala, kwa kuwa madaftari ya mahakama ile ndiyo yaliyoungua Richmond.

Nilimsimulia ami yangu, ambaye alikuwa karani wa mahakama kwa muda mrefu kabla hajastaafu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe cha kahawa chini.

"Mwanangu, mahakamani haletwi mtu kwa kuwa ameshiba. Huyo Punch asingetoroka, ungemjulia wapi?"

"Nisingemjua, ami."

"Na mkewe je, jina lake nani?"

"Halimo popote."

"Basi una mtoto asiye na mama."

Ami aligusa pale penye kidonda. Kati ya hukumu ya 1640 na hati ya ardhi ya Bunch kuna pengo la miaka ishirini na ushei bila karatasi yoyote. Hakuna cheti cha ndoa ya Punch, hakuna ubatizo wa mwanawe. Jina kutoka Punch kuwa Bunch halinisumbui, makarani wa karne ile waliandika walichosikia. Kinachosumbua ni kwamba kiungo hiki kimejengwa kwa hoja. Hoja yenyewe si mbaya: Waafrika Virginia walikuwa wachache mno, kijitabu kimoja cha mwaka 1649 kiliwakadiria 300 kati ya Waingereza 15,000, na katika kumbukumbu zilizobaki hajaonekana mwingine mwenye jina kama hilo.

Hapo ndipo damu ilipoitwa kutoa ushahidi. Kromosomu Y hupita kutoka baba kwenda kwa mtoto wa kiume karibu bila kubadilika, kama jina la ukoo. Wanaume wanaoitwa Bunch, kutoka matawi tofauti, walipimwa, na wakakutwa na kundi E1b1a, ambalo asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara. Ndilo hilo hilo walilo nalo wanaume wengi wa Kibantu huku kwetu. Mwanamume aliyeanzisha ukoo ule, kwa hiyo, alikuwa Mwafrika. Elizabeth Shown Mills, ambaye kati ya wataalamu wa nasaba wa Marekani huogopewa kwa ukali wake wa ushahidi, aliupitia utafiti na kuona kwamba karatasi zilizobaki zinamwelekea Punch tu.

Angalia lakini: kipimo hicho kisingeweza kufanywa kwa Obama. Yeye amefika kwa kina Bunch kupitia kwa mama, na kromosomu Y yake ameipata kwa Onyango. Ilibidi wapimwe mabinamu wa mbali ambao huenda hawajawahi kumpigia kura.

Mimi nikiulizwa, kati ya Punch na Bunch wa kwanza ningeandika "huenda sana". Kwamba kulikuwa na Mwafrika pale juu ya ukoo, hilo sina shaka nalo.

Swali linalofuata ni la haki. Kama Punch alifungwa utumwa wa maisha, vipi mwanawe awe huru na mwenye ekari 450? Jibu la watafiti ni mama. Yule mwanamke asiye na jina alikuwa, kwa dalili zote, mzungu na huru. Na Desemba 1662 Virginia ilitunga sheria kuwa mtoto atafuata hali ya mama yake: mama mtumwa, mtoto mtumwa, mama huru, mtoto huru. Sheria ile iliwafaa sana mabwana, maana waliowazalisha wajakazi wao walijiongezea mali. Kwetu pwani utumwa ulikuwepo na ulikuwa mchungu, asidanganye mtu, ila kanuni hii ilikuwa kinyume: mtoto aliyezaliwa na suria kwa bwana wake, bwana akamkubali, alikuwa huru na mrithi wa baba. Watoto wa Seyyid Said waliotawala Unguja baada yake walikuwa wana wa masuria. Mwana wa mjakazi aliyezaliwa na bwana huko Virginia angeuzwa mnadani na baba yake mwenyewe.

Kina Bunch, basi, walipita katika tundu la sindano, kizazi hadi kizazi wakioana na wazungu, mpaka karani akaacha kuuliza. Ila Virginia haikusahau. Mwaka 1924, mwaka ule ule kumbukumbu zilizobaki za Mahakama Kuu zilipochapishwa kitabuni kwa mara ya kwanza, jimbo lilipitisha sheria iliyomtambua mzungu kuwa ni yule asiye na hata chembe ya damu nyingine, ukiacha upenyo mdogo kwa wenye damu kidogo ya Kihindi Mwekundu. Msimamizi wa vizazi na vifo, Walter Plecker, aliigeuza nasaba kuwa silaha. Januari 1943 aliwatumia makarani wa kaunti orodha ya majina ya koo za kutiliwa shaka, ili watu wa majina hayo wasijiandikishe wazungu. Kwenye orodha ya kaunti za Lee na Smyth, jina la Bunch limo.

Mwaka ule Stanley Ann Dunham alikuwa mtoto mchanga Kansas, mzungu asiyetiliwa shaka na mtu. Februari 1961 aliolewa na Barack Obama mkubwa kisiwani Maui, Hawaii. Wangefanya hivyo Virginia wangekamatwa. Marufuku iliyomsumbua John Bunch na Sarah Slayden iliendelea kuwa hai huko mpaka tarehe 12 Juni 1967, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoitupa katika kesi ya Richard na Mildred Loving, wenyeji wa kaunti ya Caroline, si mbali na New Kent.

Upande wa baba hauhitaji moto wala sensa. Kogelo watakuhesabia kwa mdomo: Okoth alimzaa Opiyo, Opiyo akamzaa Obama, Obama akamzaa Onyango, Onyango akamzaa Barack. Imenyooka, inapendeza, na ukiisikiliza vizuri utaona nayo ina kasoro ya ami: wanaozaa wote ni wanaume. Wake wa Onyango, kina Akumu na Mama Sarah, ukitaka habari zao lazima uulize kando.

Na lile tawi lililokwenda Carolina lina kisa kinachotuhusu zaidi kuliko wengi wanavyojua. Watafiti wa koo za Waafrika huru wa Marekani wanaona huenda ndiko alikotokea baba yake Ralph Bunche, yule mwanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1950. Ile herufi e mwishoni mwa jina familia iliiongeza baadaye. Mwaka 1937 Bunche alikuwa London akisomea anthropolojia kwa Malinowski, akijiandaa kuja kufanya utafiti Afrika Mashariki. Alihitaji Kiswahili kabla ya safari, akatafuta mwalimu wa kumlipa kwa masomo. Mwalimu aliyempata alikuwa mwanafunzi wa Malinowski kama yeye, Mkikuyu mwenye ndevu na shida ya pesa, Jomo Kenyatta.